Sweta ya Mkono Mmoja

*Bi Somo, assalaam alaykum. Nina miaka saba ya ndoa na watoto wawili, naishi Chake Chake. Nikipata nafasi nafuma: sweta, mashali, soksi za watoto. Kila mwaka mpya huandika malengo yangu ya kufuma. Mwaka huu nimeandika 21, nikaibandika orodha mlangoni mwa kabati la nguo. Mume wangu akaisoma, akacheka, akasema nisinunue uzi hata donge moja mpaka nimalize vilivyomo uvunguni mwa kitanda. Vilivyomo ni kama 17, lakini kila kimoja kina sababu yake. Juu ya hayo, mavyaa alikuja kukaa kwetu wiki mbili, akaichukua sweta yangu ya mtoto iliyobaki mkono mmoja, akaimalizia kwa uzi wa rangi nyengine na kumpa jirani aliyejifungua. Hakuniuliza. Nililia. Mume wangu ananiambia nimshukuru mama. Nahisi kipaji changu hakithaminiwi nyumba hii. Nifanyeje wanielewe? Katika hizo 17 imo pia kofia ya mume wangu, ya viua, niliyoianza wakati wa uchumba, lakini hiyo si ya kufuma kwa hiyo siihesabu sana.*

*Mfumaji, Chake Chake*

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole kwa machozi. Pole yangu ndiyo hiyo, haina mkono wa pili. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliisoma ulivyotaka isomwe: mke mwenye kipaji, mume mkavu, mavyaa asiyejua mpaka wake. Ya pili nikaanzia chini kwenda juu, maana sisi wanawake tukiandika barua, jambo lenyewe huliweka mwisho, kama mtu aliyekuja kukopa: kwanza atauliza hali za watoto wote mpaka wa jirani. Huko chini nikaikuta kofia.

Kofia ya viua, tangu uchumba. Unajua wewe na najua mimi inavyoshonwa. Kitobo kimoja kimoja, unakizungushia uzi mpaka kikae. Usipokaza kinalegea, ukikaza mno kitambaa kinajikunja. Mtu aliyetulia inamchukua miezi. Bwana huyo alikupa kichwa chake ukakipima, akaambiwa asubiri. Miaka saba ina Idi 14 ukihesabu kubwa na ndogo, na zote hizo kaenda kusali na kofia ya dukani ya mashine. Halafu wewe, kwenye kabati analolifungua kila asubuhi kutafuta shati, unambandikia orodha ya vitu 21, na hukuniambia kama kofia yake imo. Akacheka. Mimi ningelia.

Unasema kila kimoja kina sababu yake. Sababu nazijua, nimefuma kabla hujazaliwa. Sweta ni tamu mgongoni, na mkono wa kwanza bado ni mtamu, maana hujui utakuwaje. Mkono wa pili ni kurudia ulichokwisha kukijua, mstari kwa mstari, hakuna wa kukwambia mashaallah. Ndiyo maana uvunguni mwako, naapa bila ya kuinama, mna soksi moja moja. Ukitoa donge jipya kwenye mfuko, ukalipiga picha, kundi zima la simu linashangilia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mfumaji akisifiwa donge, sweta haioni mwisho.

Na jambo jengine. Umenihesabia malengo, umenihesabia vilivyokwama, lakini bei ya uzi hukuitaja. Hukusema unautoa wapi wala unaulipia kwa pesa gani. Mtu asiyetaja bei anaijua. Uzi mzuri wa sweta kuufikisha Pemba una gharama zake, una boti, una wa kukupokelea mzigo bandarini Mkoani. Kwa hiyo nisome pamoja nawe maneno ya mumeo kama ulivyoyaandika mwenyewe: "nisinunue uzi hata donge moja mpaka nimalize vilivyomo". Wapi hapo kasema usifume? Kakwambia fuma. Kipaji chako anakitaka, tena anakitaka kimalizwe. Ni wewe uliyesikia dharau.

Tuje kwa mavyaa. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye safu hii lake lipo. Simjui mama huyo, lakini mwanamke wa Pemba wa umri wake ni nadra asiwe kasuka ukili wa mikeka. Na msuka ukili ana adabu yake: ukindu anauchambua, anautia rangi, anasuka pima baada ya pima huku anazungumza wala haangalii mikono, kisha anaunga ukili kwa ukili mpaka mkeka ukae. Ukili uliokunjwa pembeni haulaliwi. Mtu kama huyo alikaa wiki mbili nyumbani kwako, akaona sweta ya mkono mmoja imetupwa, na mlango wa pili kuna mtoto mchanga. Ulitaka afanye nini, aipepee? (Na msiniandikie kuuliza sweta Pemba ya nini. Mtoto hajafika arubaini huku anavishwa kofia ya sufu jua la kaskazi likiwa utosini, na hakuna aliyewahi kuwashinda bibi zetu kwa hilo.)

Alikosa kutokuuliza, hilo nakupa. Angesema, "Mwanangu, hii naimalizia," angekuwa hana doa. Rangi nyengine? Mtoto wa siku kumi hajui rangi. Lakini usinidanganye kuwa ulililia sweta. Ulizililia zile siku zake mbili tatu. Kazi iliyokushinda wewe miaka, bibi mwenye miwani kaimaliza kwa siku mbili tatu, kati ya adhuhuri na alasiri. Hilo ndilo lililokuchoma, na ukalitafutia jina la heshima, ukaliita kutothaminiwa.

Hapa nizungumze na wengine pia, maana mfumaji huyu hayuko peke yake. Ndoa za siku hizi zote ni mikono ya kwanza. Zamani somo alikaa na mwari fungate nzima, siku saba, na mafunzo mengi yalikuwa ya siku ya nane na kuendelea: mume akirudi hana kitu, mavyaa akikusema, uchovu ukiingia. Sasa pesa yote inakwenda kwenye siku ya kwanza. Piko, maua, mpiga picha, nguo tatu za kubadilisha, na bibi harusi anajua kona gani ya ukumbi ina mwanga mzuri lakini hajui mumewe hali bamia. Baada ya mwezi ruwaza inajirudia, anaona ndoa imeharibika. Haikuharibika, ndiyo mkono wa pili umeanza. Na wanaume msicheke huko barazani, nyinyi ni wabaya zaidi: sisi tukichoka na mkono wa pili tunatupa sweta uvunguni, nyinyi mnakwenda kuanza sweta nyengine mtaa wa pili na kuiita sunna. Basi niache, nitamaliza safu.

Mwanangu, kuhusu mwaka mpya. Sisi watu wa visiwa hivi tumejaaliwa miaka mipya mitatu. Ipo ya Januari, ipo ya Muharram, na ipo ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi kila Julai. Wewe umechagua kufuata ule ambao desturi yake ni kuandika orodha. Watu wa Makunduchi hawaandiki kitu. Wanaume wanatoka na migomba wanatwangana, mwenye kinyongo cha mwaka unaokwisha anakitoa hapo hapo, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba, watu wanakwenda kula. Ya zamani kwanza, mwaka baadaye. Wewe umeuingia mwaka na vinyongo 17 uvunguni, juu yake ukapachika 21. Hiyo jumla ni 38, na mikono unayo miwili.

Ibandue orodha. Leo, kabla hajarudi.

Kisha toa vyote uvunguni, uvitandaze juu ya mkeka mchana, mbele ya watu. Kilichoanzwa kwa mwanao alipokuwa wa mwaka mmoja, na sasa anakwenda skuli, kifumue bila huruma. Uzi ule uliokunjamana uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge pande mbili tatu, uloweke kwenye maji, uutundike ukauke, utanyooka kama mpya. Hapo una uzi na hujanunua kitu, na mumeo hana la kusema. Kilichobaki mikono yote miwili, usifume mmoja mmoja tena: tia mikono yote kwenye sindano moja ndefu, kila mmoja na donge lake, ipande pamoja mstari kwa mstari, iishe siku moja. Soksi vilevile. Mtu anayejijua ana maradhi ya mkono wa pili asijiachie nafasi ya kuugua. Na kabla hujaongeza uzi kwenye kazi ya zamani, tazama namba ya rangi na namba ya fungu la kutiwa rangi kwenye karatasi ya donge. Nyeupe ya mwaka juzi na nyeupe ya leo kiwandani hazikutoka sufuria moja, na ukishafuma mistari kumi ndipo jicho litakwambia.

Vinavyobaki vya watoto wachanga vimalize vyovyote vile, uvigawe. Chake Chake haikosi anayejifungua.

Lakini la kwanza kabla ya hayo ni kofia. Kichwa chake kipime upya, miaka saba si michache na huenda na nywele zimepungua. Usimwambie lini itakwisha, keshaambiwa. Shona akiwa yupo, aone. Ikiisha mpe Alkhamisi usiku, na simu iache chumba chengine. Kofia hiyo isipigwe picha.

Mavyaa wako atakuja tena. Akija, usimweleze wala usimwombe radhi kwa hotuba. Chagua katika mafungu yako sweta iliyobaki mkono mmoja, itie kwenye kikapu na uzi wake wa rangi ile ile na sindano zake, umwekee karibu na anapokaa. Kisha kaa na wewe, na mkono wako.