Muulize Dada wa Mlimani: Nimefika Uhuru mara mbili, mwongozaji wa Nepal wa nini?

SWALI: Shikamoo Dada. Mimi ni mhasibu, nina miaka 34, naishi Arusha. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, nimefika mara mbili, kwanza kwa njia ya Marangu, kisha kwa Machame. Oktoba nataka kwenda Nepal kupanda Island Peak, mita 6,189. Wakala wa Kathmandu amenitumia bei, na ndani yake kuna waongozaji wawili: mmoja wa njiani, mwingine wa kupanda mlima wenyewe. Wenzangu wa mazoezi wanasema huyo wa pili ni wa kunikamua tu, maana kamba ziko tayari na njia inajulikana. Nimkate? – Mhasibu, Njiro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimkate. Kata hoteli ya Kathmandu, kata zawadi za mashangazi, huyo mwache kwenye hesabu. Hata ukitaka huwezi: kibali cha mlima ule hutolewa na Chama cha Kupanda Milima cha Nepal kupitia wakala aliyesajiliwa, na mwongozaji mwenye leseni ni sehemu ya masharti. Ila mimi sababu yangu ni nyingine.

Nimeongoza watu Kilimanjaro miaka 19. Nilikwenda Island Peak na kiburi kama chako, labda kukushinda. Na kwa siku nane za mwanzo kiburi kile kilinikaa vizuri. Kutoka Lukla, ndege zinapotua, mita 2,860, mpaka kijiji cha Chhukung, mita 4,730, utajiona uko nyumbani. Unalala vijiji vya njiani, Namche siku mbili, Dingboche mbili, unakula wali na dengu asubuhi na jioni, na kila anayekupita anakuambia "bistari, bistari", ndiyo pole pole yetu ileile. Kilichonishangaza ni wapagazi. Wale wetu tunaowaita wagumu hubeba kichwani au begani. Wa kule mzigo uko mgongoni lakini uzito unavutwa na paji la uso, kwa mkanda unaoitwa namlo. Akichoka hakai chini. Anachomeka fimbo yenye kichwa cha T chini ya kapu, mzigo unakaa juu ya fimbo, naye anasimama palepale kuvuta pumzi. Mama wa Kikuyu aliyezoea kubeba kuni kwa mkanda wa kichwani angemwelewa kuliko mimi.

Baada ya hapo Kilimanjaro inakwisha. Kambi ya chini iko karibu mita 5,100. Mnaamka saa saba usiku, mnapanda mawe kwa tochi za kichwa mpaka kunapambazuka, na hapo mawe yanakatika ghafla, barafu inaanza. Unafunga kramponi, yaani meno ya chuma chini ya buti. Mnafungwa kamba moja, mnapita juu ya mto wa barafu wenye nyufa, nyingine zimefunikwa na theluji huzioni, zile pana zimewekewa ngazi za aluminiamu. Kisha ukuta wa barafu. Unaupanda kwa jumari, kifaa kinachopanda kamba lakini hakirudi chini. Kila mahali kamba ilipofungwa unakitoa na kukihamishia upande wa juu, umevaa glavu nene, na hewa ni chini ya nusu ya ile ya Dar. Kushuka ukuta huo ndiko kugumu zaidi, na wakati huo miguu imeshachoka. Sasa niambie, katika hayo, Machame ilikufundisha lipi?

Mimi sikufika kileleni. Saa kumi na mbili asubuhi, ukuta tukiuona mbele yetu, kramponi ya mguu wa kushoto ilianza kucheza. Buti nilikuwa nimekodi mtaa wa Thamel, Kathmandu, bila kuzijaribu na chuma, na soli yake ilikuwa laini. Kosa langu mwenyewe, tena kosa ambalo ningemgombeza mteja kwalo. Mwongozaji wangu, sote tulimwita dai, yaani kaka, alipiga magoti, akavua glavu, akaingiza kidole kati ya buti na chuma. Kidole kikaingia. Nikamwambia, kaza tu. Akakaza. Tukaenda hatua kama kumi, akapiga magoti tena, akaingiza kidole, kikaingia. Akatazama saa. "Didi," akasema, "leo basi." Didi ni dada mkubwa, na kweli nilimzidi miaka kama kumi.

Nilimbishia. Nilimwambia nimelipa pesa nyingi. Nimetoka mbali. Kilele si kile pale? Maneno hayohayo nimeambiwa na wateja mamia ya mara pale Gilman's, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro kabla ya Uhuru, na siku zote nilikuwa na jibu. Dai hakuwa na jibu. Aliningoja nimalize, kisha akaanza kugeuza kamba kuelekea chini. Chhukung niliagiza chai, nikainywa peke yangu. Nilimsemesha Dingboche, na radhi nilimwomba Namche, siku ya tatu.

Huyo ndiye unayetaka kumkata kwenye bei.

Kwa hiyo badala ya kumkata, mhoji wakala. Mwongozaji wa kupanda ni nani, amepanda mlima huo mara ngapi, na ataongoza watu wangapi siku ya kilele? Wawili sawa, wakikuambia watano, tafuta wakala mwingine. Je, kuna siku ya mazoezi ya kamba kabla ya kupanda? Mkubaliane saa ya kugeuka mkiwa bado chini, mmeshiba, kila mtu ana akili zake. Buti na kramponi zifungwe pamoja dukani mbele yako, utembee nazo ngazini, watu wakucheke. Na usije ukamwita kila mwongozaji Sherpa: Sherpa ni kabila, kama Mchaga, na wako Warai na Watamang wengi katika kazi hiyo.

Bima soma mpaka maandishi madogo. Nyingi huishia kwenye mita fulani, na ukipita hapo helikopta ya kukuokoa ni ya mfukoni mwako. Acha pia siku mbili za akiba mwishoni, kwa sababu Oktoba ndege nyingi za Lukla huruka kutoka Ramechhap, saa nne au tano kwa gari kutoka Kathmandu, na wingu likikaa bondeni hakuna anayeruka. Mhasibu utaona siku hizo kama hasara. Ziandike hivyohivyo.

SWALI: Dada, nasikia kule Nepal wanakunywa supu ya kitunguu saumu kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Inafanya kazi? Niwapikie wageni wangu huku? – Mpishi wa kambini, Moshi

JIBU: Wapikie, inapasha moto na inawafanya wanywe maji. Kinga si hiyo. Kinga ni kutoharakisha: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, wamwulize daktari kwanza. Itawachonyota vidole na kuwaamsha usiku kukojoa. Mgeni akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi akiwa amekaa tu, hapo supu weka chini, mteremshe usiku huohuo. Mimi Dingboche nilikunywa bakuli mbili kila jioni, na kichwa kiliniuma vilevile.