Vuli Hii, Anza na Kitabu Kinene

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua za vuli zikishika Mwanza, jioni nyingi hakuna pa kwenda. Kwangu huo ndio msimu wa kusoma, na ushauri ninaompa kila anayeniuliza achague nini ni huu: chukua kitabu kinene, kisicho na haraka, ambacho miezi mingine ungekiogopa.

Kwa sisi wa kandokando ya ziwa, naanza na Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, ikakaa miaka mingi bila mchapishaji. Mwishowe aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980 katika juzuu mbili. Mwaka uliofuata akafariki. Mtu aliyeisubiri kazi yake hivyo anastahili msomaji asiyeruka kurasa.

Maana kishawishi cha kuruka kitakuja. Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wasiojaliwa mtoto. Bugonoka anasimangwa na ndugu wa mume, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi. Anatozwa pombe ya ndizi. Basi Kitereza hakuambii tu kwamba pombe ilipikwa, bali anakuonyesha kazi yote, hatua kwa hatua, kama anavyokuonyesha kilimo, uvuvi, salamu na namna ya kumpokea mgeni. Aliyezoea hadithi za upelelezi hukata tamaa hapo, na kwa maoni yangu anaachia penye utamu wote. Soma kidogo kidogo, ikiwezekana kwa sauti, hasa kama nyumbani yupo bibi au babu aliyekulia visiwani. Atakukatiza, atakusahihisha, atakuongezea ambayo hayamo kitabuni. Mwache aseme.

Ukitaka kitu kifupi baada ya hapo, mchukue Euphrase Kezilahabi, naye mwana wa Ukerewe, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inasomeka kwa jioni chache, lakini inauma. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Wazazi wenye mabinti wakubwa nawasihi waisome wao kwanza, kisha wawape mabinti, halafu wazungumze. Nagona, ya mwaka 1990, iacheni kwanza. Ni kijitabu chembamba sana, ila ni kigumu kuliko vingi vinene, na wengi huchagua kitabu kwa kukipima unene tu.

Ukinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, usisome jalada la nyuma. Fungua katikati, soma ukurasa mzima ukiwa umesimama hapohapo. Ukijikuta unataka kufunua unaofuata, lipa. Kagua pia kama kurasa zimetimia, na kama maandishi yanasomeka kwa taa ya sola, kwa sababu umeme nao una msimu wake. Usipokipata, ulizia maktaba ya mkoa kabla ya kukata tamaa.

Unyevu wa vuli huvimbisha karatasi. Usiviweke vitabu sakafuni wala kuvigusisha na ukuta unaotota. Kikilowa, kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, kwani jua kali hukunja jalada na kuachanisha gundi.