Dola 3,57 za depo ya Katuba

Jana usiku ndugu mmoja wa hapa Lubumbashi kaniandikia: "Kaka, kwa nini unatulazimisha kuweka private set kila mahali, si maandishi ya programu ni yangu na naandika peke yangu?" Private set ni maneno unayoandika kwenye programu ili wa nje asome thamani fulani lakini asiweze kuibadilisha. Nikacheka, maana na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Halafu nikakumbuka Katuba, mtaa wetu mmoja wa hapa, cheko likaisha.

Nilikuwa nimemwandikia mama mmoja wa depo ya unga programu ya Android, kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu. Klasi, yaani fungu la programu linaloshika data na kazi zake pamoja, inaitwa Kasha, ndani yake falanga, bei ya dola, na jumla kwa dola. Ile jumla niliandika `val jumlaDola = falanga / bei` nikajiona mjanja, val ni jina lisilowekewa thamani mpya, hakuna wa kuibadilisha, basi iko salama. Asubuhi kuna falanga 570.000 zilizolala, bei 2.800, tableti inaonyesha dola 203,57. Saa sita bei ikapanda 2.850, mama akaiandika mwenyewe, akamtuma dada anayeuza pale kwa kambisti, mbadilisha pesa wa barabarani, avunje zile falanga zote. Dada karudi na dola 200 kamili. Tableti bado 203,57.

Nilipofika dada kasimama kando ya magunia analia.

"Papa, mashini yako inasema dola tatu na kitu zimepotea. Niamini nani, mashini ao huyu mutoto?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitaangalia, nikaondoka. Hiyo mpaka leo inaniuma.

Shida ni kwamba val yenye alama ya sawasawa inapigwa hesabu mara moja tu, pale kitu kinapoundwa, basi. Nilitakiwa kuandika `val jumlaDola get() = falanga / bei`, hapo inapigwa upya kila ikiulizwa. Herufi tano na dada asingelia! Na mimi kwa aibu ya usiku ule nikaongeza ujinga juu ya ujinga, nikaigeuza var, yaani jina linaloweza kuwekewa thamani mpya, ili niisahihishe mwenyewe kila bei ikibadilika, kwenye sehemu ya matumizi nikasahau kuisahihisha, wiki haijaisha hesabu zimekorogeka tena.

Kwa hiyo ndugu yangu, kitu kinachotoka kwenye vitu vingine usikitunze, kipige hesabu, na seta, yaani njia ya kukiwekea thamani mpya, usikipe. Falanga zenyewe ziandike var, mstari wa chini weka `private set`, wa nje asome tu, akitaka kubadilisha apite kwa kazi ulizoandika ndani ya klasi, kama uza() au toa(). Kompaila, ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu, itamkatalia hata kabla programu haijawaka. Na huyo "wa nje" ni wewe mwenyewe baada ya miezi mitatu, umechoka, umeme umekatika, betri iko asilimia nane. Usijiamini! Vijana tunapenda kusema najua ninachofanya, hujui, funga. Na orodha pia, val mauzo ikiwa MutableList, orodha inayobadilika, mtu hawezi kuweka orodha nyingine pale lakini kuongeza na kufuta ndani anaweza vizuri sana, kwa hiyo ile ifiche, nje toa List ya kawaida, ya kusoma tu. Nasema tena, funga.

Sasa niko na depo tatu zinatumia Kasha na hakuna aliyeniita kwa hesabu. Yule dada bado anauza pale Katuba, mama alimwomba msamaha, na mimi pia. Nikiingia ananisalimia vizuri, ila kiti hanivutii tena kama zamani.