Mkono Ukitetemeka Asubuhi, Usiache Pombe Peke Yako

Kuna ushauri unaotolewa kwa nia njema kila mahali, msibani, kanisani, hata kwenye daladala: “Acha tu, leo leo, ukiamua unaweza.” Kwa mtu anayekunywa wikiendi hauna ubaya. Kwa yule ambaye akiamka lazima azimue kwanza ndipo aweze kushika kikombe cha chai, ushauri huo unaweza kumpeleka kaburini.

Mimi nilikuwa huyo wa pili. Ni fundi cherehani, nashona barazani hapa Moshi mjini, na ilifika mahali mtoto wa dada yangu ndiye ananitungia uzi kwenye sindano kila asubuhi. Nilikuwa nasingizia macho. Nikishapata kichupa changu, ikifika saa nne natunga mwenyewe bila shida, na wateja hawaoni kitu. Kama hali hiyo unaijua, usiape kwa mama yako kwamba hugusi tena kuanzia kesho. Nenda hospitali kwanza.

Sababu ni hii. Pombe inaupunguza mwendo ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujizoesha kwa kukaza mwendo ili asizimike. Ukiitoa pombe ghafla, ule mwendo unabaki bila breki. Ndani ya saa chache, kwa kawaida kuanzia saa 6 mpaka 24 tangu umeze ya mwisho, unaanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi hakuna. Wengi huishia hapo. Lakini wapo wanaopata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na wapo ambao kati ya siku ya 2 na ya 4 wanachanganyikiwa kabisa: homa, kuongea na watu ambao hawapo, kufukuza wadudu ukutani. Huku kwetu hatua hiyo ndugu wanasema karogwa, anapelekwa kwenye maombi. Maombi sina ugomvi nayo, yanafanyika hata pembeni ya kitanda cha wodini. Ila mtu huyo awe wodini. Na aliyewahi kupata degedege akiwa kwenye arosto ya pombe, yaani hali hii ya kuikosa, asijaribu tena kuacha nyumbani, hata kwa kupunguza pombe kidogo kidogo.

Ukifika hospitali, ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, omba kuonana na kliniki ya afya ya akili. Najua neno hilo linatisha. Kwenye dirisha la mapokezi mhudumu mmoja alilirudia kwa sauti foleni nzima ikageuka. Nilibaki kwa sababu dada alikuwa amenishika mkono, na hilo nalo ni ushauri: usiende peke yako.

Sehemu inayoharibika zaidi ni swali la daktari: “Unakunywa kiasi gani?” Sote tunajibu “kidogo tu” au “bia mbili tatu”. Daktari anapanga dozi kwa jibu hilo, kwa hiyo ukidanganya unajipunguzia dawa mwenyewe. Andika kwenye karatasi nyumbani kabla hujatoka: aina ya pombe, ujazo, ya kwanza saa ngapi, ya mwisho saa ngapi. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za kilevi, yaani vipimo viwili kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 35 kina karibu vipimo saba. Tangu viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vipigwe marufuku Tanzania Machi 2017 watu wamehamia kwenye vichupa na kujiona wamepunguza, jambo linalonichekesha kidogo. Kama ni gongo sema gongo. Daktari si polisi, na gongo haina asilimia iliyoandikwa, kwa hiyo taja ni glasi ngapi, na kama huwa unakula.

Huenda ukaulizwa maswali kumi ya kupima unywaji, yanayoitwa AUDIT. Yametafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa hapa hapa Moshi kwa majeruhi waliofika hospitali ya KCMC. Kuanzia alama 8 kati ya 40, unywaji wako unahesabiwa una hatari. Yangu sitaji.

Matibabu yenyewe hayana miujiza. Diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 ambayo inatakiwa itangulie dripu ya glukosi, maji, chakula. Tafadhali usiende kujinunulia vidonge vya diazepamu duka la dawa: ukivichanganya na pombe vinaweza kukata pumzi, na vyenyewe vinaleta uraibu. Na watu wananiuliza kuhusu methadoni. Hiyo iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 ni ya watumiaji wa heroini, kwa pombe haihusiki.

Kazi inaanza ukirudi nyumbani. Fundi anapokea advansi kila siku, na hela ya jioni mfukoni kwangu ilikuwa na njia yake inayoijua. Nikahamishia malipo kwenye simu ya dada, mteja analipa kwake. Wenzangu barazani walicheka, wakazoea. Pia nakula kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu nimegundua nusu ya kiu yangu ni njaa.

Wa kuongea nao utawahitaji. Umoja wa Walevi Wasiojulikana, AA, ulianzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935 na dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi. Hauna ada, haukuulizi jina la ukoo. Dar es Salaam na Nairobi kuna mikutano, na ipo ya kwa simu. Msomaji wa Kenya, NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Kwenu ndugu: yale matangazo ya kwenye nguzo za umeme, “dawa ya kuacha pombe, mnywaji hajui”, yaacheni hapo hapo kwenye nguzo. Ipo dawa halali, disulfiramu, inayomfanya mtu atapike, moyo umwende mbio na presha ishuke akinywa pombe. Inatolewa kwa mtu anayejua na aliyekubali, chini ya daktari. Kumtilia mtu kitu kwenye uji bila yeye kujua kunaweza kumuua, na akigundua hatakula tena kwako.

Halafu Desemba. Mchagga anajua ninachosema: wote tunapanda kihambani, kwenye shamba la ukoo, kuna ubarikio, kuna harusi, na mzee anakunyooshea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya ukoo. Kumkatalia mzee si jambo dogo. Mimi dada alitangulia siku moja, akamwambia mjomba pembeni, “Niko naye, yuko kwenye dozi.” Dozi ni neno linaloheshimika, hakuna anayeuliza ya nini. Nami nikishafika nashika soda mapema, kabla kata haijaanza kuzunguka, nakaa upande wa akina mama wanaopika mtori. Wananitania kwamba nimezeeka.

Na ukiteleza, wengi huteleza, rudi kliniki na kadi ile ile, kabla hujajificha wiki nzima kwa aibu. Niliporudi nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kujieleza. Daktari hakuitaka. Aliuliza nilikunywa nini, kiasi gani, na ya mwisho saa ngapi.