Bei ya FOB haijamaliza gharama

Umeuliza kama bei ya FOB uliyopewa na muuzaji wa Guangzhou ndiyo gharama yote ya kuagiza mzigo. Hapana, bei hiyo inaishia mzigo ukipakiwa melini kule. Nauli na bima ni juu yako, na hapa Dar ushuru unapigwa kwenye CIF, yaani bidhaa pamoja na bima na nauli. Kisha VAT 18% inapigwa juu ya jumla hiyo ukiongeza na ushuru wenyewe. Kinachouma zaidi ni benki. Niliagiza vifungashio, nikatuma dola 2,000 kwa SHA, makato ya kugawana, zikafika pungufu kwa kuwa benki ya katikati ilichukua chake. Kiwanda hakikugusa kazi mpaka nikaongeza. Siku hizi najaza OUR kwenye fomu, yaani makato yote nalipa mimi mtumaji, ingawa makato ya huku yanapanda.