Maswali ya Wasomaji: Msimbo Mmoja kwa Kurasa Nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza tovuti ya chama chetu cha kuweka na kukopa, ambayo niliijenga mwenyewe kwa lugha ya programu ya PHP na kanzidata ya MySQL. Kurasa zimefika 38, na kila ukurasa mpya niliutengeneza kwa kunakili uliotangulia. Mwezi uliopita nenosiri la kanzidata lilibadilishwa, nikalirekebisha ukurasa baada ya ukurasa, lakini ukurasa wa marejesho ya mikopo nikausahau, na wanachama wakakaa siku mbili bila kuona masalio yao. Nifanyeje ili jambo moja niliandike mara moja tu? Je, kurasa hazitakuwa nzito zikianza kuita mafaili mengine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, anza na kile kilichokuumiza. Anwani ya seva, jina la mtumiaji na nenosiri viandike katika faili moja, nalo uliweke nje ya folda inayofikiwa na umma kupitia kivinjari. Kila ukurasa unaohitaji takwimu uliite faili hilo kwa amri ya require_once. Usitumie include kwa shughuli hii, kwa sababu include ikikosa faili hutoa onyo kisha huendelea, ilhali require_once, sawa na require, husimamisha ukurasa papo hapo, na ukurasa wa fedha ni heri usimame kuliko uendelee ukiwa nusu. Njia ya kulifikia faili ianzie kwenye __DIR__, inayotaja folda ya faili linaloita, ili wito huo usitegemee mahali ambapo programu ilianzishiwa.

Faida ya mpango huu ilionekana wazi PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015. Toleo hilo liliziondoa kabisa amri za zamani za kuwasiliana na MySQL, kama mysql_connect na mysql_query, ambazo watunzaji wa PHP walikuwa wameonya tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013 kwamba zitaachwa. Aliyekuwa amezitawanya katika kila ukurasa alilazimika kuifumua tovuti nzima, lakini aliyezifungia katika faili moja au mawili alirekebisha hayo tu, akahamia PDO au mysqli, njia mpya za PHP za kuwasiliana na kanzidata.

Kichwa cha ukurasa, menyu na sehemu ya chini vifanyie vivyo hivyo. Hilo ni jambo la saa moja, nami sitalirefusha.

Jambo linalostahili fikra zako zaidi ni maswali ambayo kurasa huiuliza kanzidata. Chukua salio la mkopo. Ikiwa ukurasa wa mwanachama, ripoti ya mhazini na stakabadhi kila kimoja kinalihesabu kivyake, basi siku kamati itakapobadilisha namna ya kutoza faini ya kuchelewa, mwanachama mmoja anaweza kujikuta na masalio matatu. Andika kifungu kimoja cha msimbo chenye jina, ambacho watayarishaji programu hukiita fanksheni, tuseme salio_la_mkopo. Kipokee namba ya mkopo, kiulize kanzidata kwa swali lililoandaliwa kabla, ambamo namba hiyo hupelekwa kando na maneno ya swali ili aliyechapa kitu kiovu kwenye fomu asiweze kukigeuza kuwa amri, kisha kirudishe kiasi. Nasisitiza kirudishe, wala kisichapishe. Fanksheni inayochapisha jedwali lililokwisha kupambwa haiwezi kutumika kwenye stakabadhi wala kwenye ujumbe wa simu, nawe utarudi kunakili kama zamani.

Kuhusu uzito, usiogope. Tangu toleo la 5.5, PHP huja na OPcache, ambayo ikiwashwa hutunza kwenye kumbukumbu msimbo uliokwisha kutafsiriwa, hivyo kuita mafaili matano au kumi hakuleti uchelewaji ambao mwanachama atauhisi. Kinacholemea ni idadi ya safari za kwenda kwenye kanzidata, na hapa fanksheni nzuri inaweza kukuponza. Ripoti ya mhazini yenye mikopo 200, ikiita salio_la_mkopo kwa kila mstari, itauliza swali moja la kuleta orodha, kisha maswali mengine 200. Msimbo utaonekana safi kabisa, huku ukurasa ukisuasua. Orodha nzima inapaswa kuletwa kwa swali moja linalounganisha jedwali la mikopo na jumla za marejesho. Tumia LEFT JOIN katika kuunganisha, kwa maana JOIN ya kawaida itaficha kila mkopo ambao haujarejeshwa hata shilingi moja, na hiyo ndiyo mikopo ambayo mhazini anataka kuiona kwanza.

Utauliza, je, sasa kanuni ya salio haijaandikwa mara mbili, kwa mkopo mmoja na kwa orodha? Ndiyo, na dawa yake imo ndani ya kanzidata yenyewe. Kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2005, MySQL hukuruhusu kulipa swali jina kwa CREATE VIEW, kisha ukalisoma kama unavyosoma jedwali. Weka hesabu ya salio humo, na fanksheni zote mbili zisome hapo. Matokeo yake hayahifadhiwi, bali huhesabiwa upya kila yanaposomwa, kwa hiyo hakikisha safu ya namba ya mkopo katika jedwali la marejesho ina faharasa (index), inayoisaidia kanzidata kupata mistari haraka bila kupitia jedwali zima.

Lakini usiunganishe vitu kwa sababu tu vinafanana kwa macho. Fomu ya mwanachama mpya na fomu ya mfanyakazi mpya zinaweza kulingana leo, kisha kila moja ikabadilika kwa sababu zake, nawe ukabaki na fanksheni moja iliyojaa masharti. Kanuni ya salio ni moja kweli, ila fomu hizo ni mbili.

Usizifumue kurasa zote 38 kwa mkupuo. Weka nakala salama, hamisha unganisho wiki hii, kisha tafuta jina la seva katika folda nzima uone kama kuna ukurasa uliosalia na maelezo ya zamani. Mengine yasafishe kila unapoufungua ukurasa kwa kazi nyingine.

SWALI: Faili langu la kuunganisha kanzidata linaitwa unganisha.inc, nalo limo pamoja na kurasa nyingine. Mwenzangu anasema ni hatari. Kwa nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Isipoelekezwa vinginevyo, seva haiitambui .inc kuwa PHP, hivyo anayeandika anwani ya faili hilo kwenye kivinjari anaweza kuletewa maandishi yake yote, nenosiri likiwemo. Libadilishe jina liishie kwa .php na ulitoe katika folda ya umma. Kisha ubadilishe nenosiri leo hii, kwani huenda kuna mtu aliyekwisha kulisoma.