Uliza Fundi: AC ya chumba kimoja inakula shilingi ngapi kweli?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi naishi Tabata, nyumba yetu ya bati, tuna mtoto wa miezi saba ana harara mwili mzima, usiku halali na sisi hatulali, pangaboi linazunguka ila linashusha hewa ya moto tu. Tumejichanga na baba yake tumefikisha milioni 1 na laki 4. Fundi wa kwanza kaja kaangalia chumba, futi 12 kwa 12, kasema tuweke AC ya BTU 18,000 (hicho kipimo cha nguvu ya kupoza), kwake pamoja na kufunga ni 1,650,000. Kariakoo nimeambiwa ya 12,000 ya kawaida 950,000, ya inverta 1,200,000. Shemeji nae ana iliyotumika anatuuzia 480,000. Afu LUKU yetu ni ile ya bei rahisi, tunatumia kama yuniti 70 kwa mwezi. Tutaweza kweli? – Mama Mtoto, Tabata

JIBU: Pole sana dada, kaskazi ya mwaka huu imetunyoosha wote na mtoto mchanga ndo anaumia zaidi. Nimefurahi umeuliza habari ya LUKU kabla hujatoa hela maana wengi wanaulizia bei ya mashine tu, umeme wanakuja kuushangaa mwezi wa pili.

Ngoja nianze na hiyo LUKU. Nyie mko kwenye kundi la matumizi madogo, yuniti haizidi 75 kwa mwezi, na kila yuniti mnalipa kama shilingi 122 ukijumlisha na kodi, yaani yuniti 70 ni kama 8,540. Mkishafunga AC hamtabaki humo, mtahamia kwenye bei ya kawaida ambayo yuniti ni karibu 356. Sasa angalia hapa vizuri dada, sio yuniti za AC tu zitakazopanda, hata zile 70 za zamani za taa, friji na pasi nazo zinahesabiwa kwa bei mpya, kwahiyo ile 8,540 inageuka 24,900 na AC hujaiwasha hata dakika moja. Hiyo elfu 16 kila mwezi hakuna muuzaji atakayekutajia.

Halafu ndo AC yenyewe. Ya BTU 12,000 ya kawaida inavuta kama kilowati 1.1 kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, ikiwa inafanya kazi, inawaka inazima, kwa usiku wa saa nane weka yuniti 6. Ya inverta haizimi kila mara, inapunguza mwendo chumba kikishapoa, weka yuniti 4 kama chumba kimezibwa vizuri. Kwa mwezi mzima, pamoja na zile 70 zenu, ya kawaida inakupeleka yuniti 250 ambazo ni 89,000 na inverta yuniti 190 ambazo ni kama 67,600. Tofauti ni elfu 21 kwa mwezi. Ile laki 2 na nusu utakayoongeza kununua inverta ingerudi kwa mwaka mmoja kama mnawasha kila usiku mwaka mzima, ila mkiwasha Desemba mpaka Machi peke yake, kusi likianza kuvuma mkazima, itachukua kama miaka mitatu. Mi bado nakwambia chukua inverta, kwasababu kwenu tatizo sio kununua, tatizo ni kuiendesha kila mwezi, na AC ambayo mnaogopa kuiwasha haimsaidii mtoto.

Hiyo ya 18,000 kataa. Chumba cha futi 12 kwa 12 kilichojengwa vizuri hata 9,000 inatosha, kwenu kwa sababu ya bati 12,000 ndo saizi yake. Kubwa kupita kiasi inapoza haraka inazima kabla haijakausha unyevu, na joto la Dar nusu yake ni unyevu, matokeo yake mnalala kwenye baridi yenye majimaji, shuka linanata, na hela imeenda. Na ya shemeji, mwambie kwa heshima asante. Angalia kibandiko cha pembeni ya mashine ya nje, kama kimeandikwa R22 hiyo ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, dunia nzima inaiondoa, na nchi zetu zinatakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2030. Mpya nyingi zinatumia R32 au R410A. Leo mtaipata gesi yake, kesho itakuwa ghali kuliko mashine.

Sasa gharama za kufunga. Nilivyofunga ya chumbani kwangu fundi aliniambia 120,000 na mi nikatembea na 120,000, nilikuja kutoa 335,000. Vyuma vya kubebea mashine ya nje 25,000, waya na breka yake peke yake na kifaa cha kulinda umeme ukipanda na kushuka 90,000, na kilichoniuma zaidi ni bomba za kopa (shaba) za kupitisha gesi, kwenye boksi zilikuja mita tatu ila nilitaka mashine ikae nyuma ya nyumba isionekane, ikahitajika mita nne za ziada kwa 25,000 kila moja, laki nzima imeenda kwa ajili ya muonekano. Nyie wekeni mashine ya nje mgongoni kwa ukuta uleule wa mashine ya ndani, bomba za kwenye boksi zitatosha. Kwa bei hizo nilizolipa mimi, pamoja na inverta ya 1,200,000, mtafika 1,435,000, mmepungukiwa elfu 35 tu, hiyo inapatikana.

Siku ya kufunga kaa hapohapo usiondoke hata kwenda dukani. Fundi akishaunga bomba anatakiwa achomeke geji zenye mipira ya bluu na nyekundu, awashe pampu inyonye hewa yote iliyobaki ndani, dakika 20 au nusu saa, ule mshale wa geji ya bluu unashuka chini ya sifuri, anafunga, anazima pampu, mnasubiri. Mshale ukitulia hakuna panapovuja. Ukianza kupanda pana tundu, arudie maungio. Fundi asiye na pampu atafungua gesi kidogo ifukuze hewa nje, psss, sekunde tano kamaliza, na AC itapoza siku hiyo na utafurahi, ila hewa na unyevu uliobaki ndani unaitafuna kompresa taratibu. Muulize kuhusu pampu kabla hamjakubaliana bei, kama hana tafuta mwingine, hapa naomba usione aibu kabisa.

Na kabla ya yote, leo hii, kabla hata hujaenda Kariakoo, ziba yale matundu ya hewa juu ya dirisha na mwanya wa chini ya mlango, weka pazia zito kama dirisha linaangalia jua linapozama. Nyumba zetu zimejengwa zipitishe upepo, AC inataka kinyume chake. Mkishafunga weka nyuzi 26, washa na pangaboi pole pole, upepo wa AC usimpige mtoto moja kwa moja, kitanda kikae pembeni. Na harara ikiwa na usaha au homa mpeleke kliniki msisubiri AC.

SWALI: Mimi ni mstaafu hapa Tanga. Nimeona dukani feni kubwa inayowekwa maji na barafu, wanasema inapoza kama AC na inauzwa 260,000. Ninunue? – Mzee wa Chumbageni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa Tanga usinunue. Ile inapoza kwa kukausha maji, hewa ikiwa kavu kama Dodoma wakati wa kiangazi maji yanakauka haraka na unasikia baridi kweli, lakini hewa ya Tanga tayari imeshiba maji ya bahari, haikaushi kitu, utaongeza unyevu chumbani na nguo kabatini zitaota ukungu. Pangaboi zuri na nyavu safi dirishani zitakufaa zaidi, kwa hela ndogo mno kuliko hiyo.

SWALI: Kaka mi mpangaji Sinza, LUKU tunashea nyumba tatu. Nikifunga AC si watanifukuza? Na nikihama naondoka nayo? – Neema wa Sinza

JIBU: Neema, ugomvi wa LUKU ya kushea nimeusikia mpaka nimechoka, watu wanaacha kusalimiana kwa ajili ya yuniti. Usifunge kabla hujaweka mita ndogo kwenye waya unaoingia kwako, fundi umeme anaifunga, kila mwisho wa mwezi mnasoma mbele ya wote unalipa zako. Na kama LUKU yenu iko kwenye bei rahisi, nayo AC yako itaitoa huko na majirani watalipia, waambie mapema mkubaliane nani anafidia nini.

Kuhama nayo inawezekana. Mwenye nyumba akuandikie karatasi kwamba AC ni yako na tundu la ukutani utaliziba wewe. Siku ya kuhama fundi anaiwasha, anafunga valvu ya bomba jembamba, mashine inajivutia gesi yote kwenye mashine ya nje, halafu anafunga bomba nene na kuzima hapohapo. Dakika chache tu. Akianza kukata bomba kabla hajafanya hivyo mzuie, gesi yako yote inaishia hewani.